Masikio ya Viroba

Hebu niambie wewe: wakija mbele yako wanaume wawili wenye jina moja, jina la baba moja, jina la babu moja, na kila mmoja anasema lile rundo la mawe ni lake, na nyuma yake wamesimama ndugu zake na mapanga, utauliza nini? Utaiuliza kompyuta? Mimi niliuliza habari za ng'ombe.

Usicheke kwanza. Acha nianzie mbali kidogo, maana wajukuu wangu wananilaumu, eti bibi unaanzaga hadithi katikati halafu mwanzo wake unautafuta baadaye.

Nimezaliwa upande wa Natta, kule ambako ukilima mahindi unamlimia tembo. Shule nilienda mpaka darasa la pili, nikatolewa kwa sababu ya mbuzi. Wa kuwachunga nilikuwa mimi au hakuna. Kusoma najua herufi kubwa, zile za kwenye mabango. Nikaolewa huku Tarime, nikazaa wasichana watano, wote wazuri, wote wakaondoka na waume zao. Mzee wangu akafa. Sasa kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume haiachwi ikae hivyo hivyo. Nikachukua ng'ombe walioletwa kwa ajili ya mabinti zangu, na mimi nikaoa. Ndiyo, nilioa msichana. Inaitwa nyumba ntobhu, na watu wa mbali wakisikia wanaachama. Si mambo hayo unayoyawaza. Ni nyumba. Yeye ni mkamwana wangu, watoto aliowazaa ni wajukuu zangu, na shamba na zizi vina wa kubaki navyo. Na nilichagua vizuri, hilo nitajisifu. Mkamwana wangu anafungua injini na kuifunga mafundi wa Mugumu wakiwa bado wanavaa ovaroli.

Halafu dhahabu ikaja. Sisi tulikuwa tunakiona kile kilima kila siku, tunakata kuni pale, hatukujua kimebeba nini tumboni. Ndani ya msimu mmoja wa mahindi watu wakajaa kama siafu. Wakaja na majembe, wakaja na baruti, wakaja na magodoro, wakaja na mabanda ya kuonyesha mpira. Kila mtu akawa mchimbaji, hata mwalimu wetu wa shule aliacha chaki. Mimi nikawapikia ugali mwaka mzima, nikawa nawaangalia. Nikaona kitu: kuchimba kila mtu anachimba, lakini jiwe halitoi dhahabu mpaka lisagwe. Nikauza ng'ombe, nikanunua karasha. Karasha ni pipa kubwa la chuma linalozunguka na vyuma ndani yake, linameza mawe, linatema unga, kisha unga unaoshwa, dhahabu inabaki chini. Linapiga kelele mpaka kuku wanaacha kutaga.

Karasha moja likawa matatu, nikapata wabia wawili. Mmoja ni mfanyabiashara wa Tarime mjini, Mwislamu, babu yake alitoka pwani, yeye ndiye aliyeleta injini kubwa. Mtu mpole, Kiswahili chake kimenyooka, cha kwetu akikisikia anasikia kama kinachechemea. Wa pili ni mwenye malori, kijana wa makamo aliyekulia Sirari mpakani, nusu ya maneno yake ni ya Kenya. Mimi nilikuwa na uwanja na karasha la kwanza. Mambo yote tulikuwa tunaamua kwa kunyoosha mkono, mikono mitatu.

Sasa nisikilize kuhusu foleni, maana foleni ndiyo biashara yenyewe. Mtu analeta mawe yake kwenye viroba, kumi, ishirini, na anasubiri zamu hata siku tatu. Viroba vyote vinafanana. Mawe kwa macho yako wewe yanafanana. Lakini mwenyewe amelala shimoni kuyatafuta, na ndani ya kiroba kimoja inaweza kuwemo nyumba ya bati au vumbi tupu. Ukichanganya mawe ya watu wawili, hujakosea hesabu. Umewasha vita.

Kwa hiyo mimi nilikuwa na njia yangu. Wewe unajua ng'ombe wetu wanakatwa masikio, kila ukoo na mkato wake: huyu kushoto mara moja, huyu kulia mara mbili, huyu ncha imeondolewa. Hata mtoto mdogo akiona sikio anakwambia ng'ombe huyu ni wa boma gani. Basi kila mteja akifika getini namwuliza, ng'ombe wenu mnawakata vipi? Ananiambia. Nachukua kisu kilicholala kwenye makaa, nakata mdomo wa kiroba hivyo hivyo. Kwa kisu cha moto uzi wa kiroba unayeyuka na kushikana, haufumuki. Mvua ikinyesha, vumbi likipanda, kiroba kikikanyagwa, sikio liko pale pale. Na wakija wawili wa ukoo mmoja, namwongezea wa pili tundu dogo chini ya mkato. Miaka yote hiyo hakuna jiwe lililopotea kwangu.

Lakini malalamiko yalikuwepo, sitadanganya. Watu walisema foleni inarukwa. Mtu amefika Jumatatu, anamwona wa Jumatano anasaga mbele yake. Wabia wangu wakasema kuna wizi wa zamu pale, na tiba yake ni mfumo. Wakaleta mtaalamu.

Alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mstaarabu, kiatu kinang'aa. Alinipa shikamoo ya kuinama kabisa, nikampenda kwa hiyo shikamoo. Akabandika karatasi kubwa ukutani, imejaa visanduku na mishale.

"Huu ndio mkakati, bibi," akasema. "Leo biashara iko hapa. Kesho iwe hapa."

"Na hapo katikati pana nini?"

"Katikati ni siku ya kuwasha."

"Yaani jioni unalala na ng'ombe, asubuhi unaamka na trekta?"

Mwenye malori, ambaye bibi kwake ni shosho, akacheka. "Shosho, wacha huyu jamaa amalize. Hii kitu ni kisasa."

"Amalize. Mimi naulizia tu njia, nisije nikapotea." Nikamgeukia kijana. "Nani alikwambia shida yetu?"

"Wabia wako, bibi."

"Wapakiaji umewauliza? Wenye mawe je?"

"Hao tutawafundisha."

"Lini?"

"Siku ya kuwasha, asubuhi."

Akaeleza. Mteja akifika, jina lake linaingizwa kwenye tableti, majina matatu. Printa inatoa stika yenye namba, stika inabandikwa kwenye kiroba. Zamu ikifika spika inaita. Hakuna kuruka foleni, kila kitu kinaonekana kwenye simu ya kila mbia, hata akiwa Sirari. Kilikuwa kitu kizuri, nakwambia ukweli. Macho yangu yalipenda ile tableti. Lakini majina.

"Mwanangu," nikamwambia, "huku kwetu mtoto wa kwanza wa kiume jina lake linajulikana kabla hajazaliwa. Wa pili hivyo hivyo. Halafu mjukuu anapewa la babu. Ukisimama pale shimoni ukaita jina moja, watageuka wanaume kumi na mbwa mmoja."

"Ndiyo maana tunachukua majina matatu, bibi."

"Na matatu yanafanana."

"Haiwezekani yakafanana yote."

"Huo uwezekano huku tunaishi nao. Weka na alama zangu humo ndani."

Akatabasamu, akaangalia wabia. "Alama za kisu ni analogi, bibi. Tukiweka njia mbili, watu watabaki na ile ya zamani."

Halafu akataka kuniandikisha, watu wa karibu wa kila mbia, ili nikiumwa ijulikane nani ataamua. Nikamwonyesha mkamwana wangu, alikuwa amelala chini ya injini, miguu tu inaonekana.

"Huyo ni nani kwako?"

"Ni mkamwana. Nilimwoa."

Kidole chake kikasimama hewani. "Hapa nina mume, mke, mtoto, ndugu, mwingine."

"Sasa?"

"Naweka mwingine."

Sauti ikatoka chini ya injini. "Mimi ni mwingine? Watoto wanne nimemzalia, nimekuwa mwingine?"

Kijana aliona aibu mpaka masikio yakabadilika rangi. Lakini aliandika mwingine.

Siku ya kupiga kura mikono ikanyooshwa. Miwili kwa mmoja. Na wakaongeza: kuanzia siku ya kuwasha, kisu kisionekane uwanjani, kinawachanganya watu.

Hapo moyo wangu ukafanya kitu ambacho mpaka leo mkamwana hajanisamehe. Nilisimama. Nikasema, "Sawa. Mfumo wenu mkiuwasha ukaenda siku saba bila ugomvi wa mawe, mimi nachukua masufuria yangu, natoka. Sehemu yangu na uwanja vinabaki kwenu. Ukishindwa ndani ya siku hizo saba, utajengwa upya, na nitausimamia mimi."

Mfanyabiashara akashtuka. "Mama, usiseme neno zito hivyo kwa sababu ya hasira."

"Sina hasira. Nimelisema."

"Shosho amepanda dau," mwenye malori akasema, na akanyoosha mkono haraka kabla sijapoa. Mfanyabiashara akatazama chini, naye akanyoosha.

Nilipofika nyumbani habari ilishanitangulia. Mkamwana alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

"Umecheza kamari na nyumba ya watoto wangu," akasema.

"Sijacheza. Najua."

"Ulijua na tembo, ukasema hawatavuka mto mwaka ule."

Hilo ni kweli, lakini halikuwa na uhusiano. Akaniwekea chakula, akaenda kula jikoni na watoto. Mjukuu wangu wa kwanza, binti yake mkubwa, alikuwa Mwanza anasomea hayo hayo mambo ya kompyuta. Alinipigia simu jioni ile ile.

"Bibi, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Bibi, katika kazi yetu mfumo mpya hauwashwi hivyo. Unaenda na wa zamani pamoja kwanza, mpaka uuamini."

"Mwambie mtaalamu wenu."

"Nakwambia wewe. Wewe ndiye umeweka uwanja mezani."

Akakata simu. Lakini neno lake lile la kwenda pamoja nililishika, nikalala nalo.

Siku ya kuwasha nilikuja uwanjani mapema na jiko langu la mkaa, sufuria, vikombe na unga wa maandazi. Nikawaambia wabia, mimi si wa mfumo, acheni niuze chai getini. Wakaona bibi amekubali kushindwa, wakafurahi, wakanunua maandazi. Basi kila kiroba kilipita getini kwangu kabla ya kufika kwenye stika. Mteja anakaa, anakunywa chai, namwuliza habari za nyumbani, habari za ng'ombe. Na kisu kiko kwenye makaa chini ya sufuria. Hakuna aliyeshangaa, wateja wangu wananijua. Mtaalamu mwenyewe alikunywa vikombe vitatu kila asubuhi, ananisifia tangawizi, miguu yake iko hatua mbili kutoka kwenye kisu.

Ndiyo, nilikatazwa. Nilikata.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Spika inaita, watu wanasimama, wengine walikuja kuisikiliza tu inavyoita. Siku ya pili mtandao ulipotea saa kadhaa, tableti ikawa inazungusha kaduara, watu wakazomea, ukarudi. Mwenye malori akapita getini akanipiga jicho. "Shosho, zimebaki tano." Mkamwana naye akapita na galoni ya dizeli, hakuniangalia. Nakwambia, siku hiyo ya pili niliogopa. Nilikaanga maandazi na nikawaza, hivi kweli nimewatoa wale watoto mahali pao kwa sababu ya mdomo wangu. Lakini mkono ukaendelea kukata.

Siku ya tatu ilinyesha asubuhi. Bati la lile banda la viroba lina matundu. Maji yakashuka, na vumbi letu la mawe likichanganyika na maji linakuwa uji. Stika zikabanduka kama maganda ya ndizi mbivu, zikaelea. Wapakiaji wakaenda kumwita mtaalamu. Akaja, akatazama, akasema hakuna tatizo, majina yote yamo ndani, tutaita kwa jina na mtu ataonyesha viroba vyake.

Spika ikaita majina matatu. Akaja mwanamume mmoja, mtu mzima, mchimbaji wa siku nyingi. Mtaalamu akaangalia tableti, viroba kumi na viwili, safu ya pili. Akamwonyesha safu. Yule mtu naye alikuwa na kumi na viwili, giza la banda, uji wa vumbi, akasema ndiyo. Karasha likaanza kumeza.

Lilikuwa limemeza viroba vinne alipotokea kijana mmoja mbio kutoka kwa mama lishe, mdomo bado una mboga.

"Mbona mnasaga mawe yangu?"

"Wewe ni nani?" mtaalamu akauliza.

Kijana akataja majina matatu. Yale yale, yote matatu, kwa mpangilio ule ule. Mtaalamu akatafuta kwenye tableti. Jina lilikuwa moja tu. Ndipo rangi ikamtoka, nikamwona kwa mbali, akakumbuka. Usiku wa juzi yake alikuta jina limeingia mara mbili, akadhani ni kosa la kuandika, akafuta moja. Baadaye aliniambia neno lake: nilisafisha, bibi. Alisafisha mtu.

Sasa huyu mtu mzima ni wa ukoo mmoja, huyu kijana ni wa mwingine, na koo hizo zina habari zao ndefu ambazo sitazisema hapa. Miluzi ikapigwa. Sijui watu wanatokaga wapi. Dakika chache tu, huku wamesimama ishirini, kule ishirini, na mapanga yametoka kwenye ala. Kijana anapiga kelele mawe yake yalikuwa na macho, yaani dhahabu inaonekana bila kusaga. Mtu mzima anasema, wewe mura, kijana mdogo, unaniita mwizi mbele ya watoto wangu? Mkamwana wangu akazima injini. Ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kelele.

Nikainuka. Goti langu la kulia lina tabia ya kulia likiinuka, wakageuka.

"Mtu asinisukume," nikasema, "nina sufuria ya mafuta ya moto pale, na mimi ni mzee, naweza kuanguka nayo popote."

Wakanipisha. Nikaenda mpaka katikati. Nikamwuliza kwanza yule mtu mzima, kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Baba, ng'ombe wenu mnawakata wapi?"

Akanishangaa. "Bibi, ni wakati wa ng'ombe huu?"

"Nijibu."

"Kushoto, mara moja. Ncha tunaondoa."

"Ni kweli?" nikawauliza wa upande wa pili. Wakanung'unika, ni kweli. Hapo huwezi kudanganya, kila mtu amewahi kutafuta ng'ombe aliyepotea, masikio ya majirani anayajua.

"Na wewe, mura?"

"Kulia mara mbili," kijana akasema, mapovu ya hasira mdomoni.

"Ni kweli?"

Wa upande wa kwanza wakasema ni kweli.

Nikamwambia mkamwana alete vile viroba vinne vitupu vilivyokuwa chini ya karasha. Akavileta. Nikaviinua kimoja kimoja juu ya kichwa, midomo yake ikaonekana. Kulia mara mbili. Kulia mara mbili. Wale wa nyuma walisogea kuona, mapanga yakawa mazito mikononi mwao. Nikasema sasa twende bandani. Safu ya chini kabisa, imefunikwa na turubai, viroba kumi na viwili, kushoto mara moja, ncha hakuna. Hakuna aliyevigusa.

Yule mtu mzima akavua kofia. "Mwanangu, nilionyeshwa, sikuona vizuri," akamwambia kijana. "Unga ule ni wako. Na ili usidhani vingine, nitakaa hapa mpaka uoshwe." Kijana akampa mkono. Unga wa viroba vinne ulikuwa bado tumboni mwa karasha, ukatolewa wote, ukaoshwa mbele ya watu. Dhahabu ilikuwepo, na yale macho hakuyatia chumvi.

Watu walipopungua mtaalamu alikuja getini akakaa kwenye kiti cha wateja. Nikampa chai.

"Bibi, alama hizi ulikuwa unaziweka tangu lini?"

"Tangu ulipokunywa kikombe cha kwanza."

Akakionyesha kisu kwenye makaa. "Ulikatazwa."

"Na wewe uliambiwa."

Hakubisha. Nilimpenda tena, kama kwa ile shikamoo. Mtu anayekosea halafu ananyamaza anaweza kufundishwa.

Mfanyabiashara alifika jioni na hakuzunguka. "Tulikubaliana mbele ya watu, na zimetimia siku tatu, si saba. Simamia, mama." Mwenye malori alikuna kichwa, akasema, "Shosho, wewe ni hatari," na mkono wake ukapanda pole pole kama bendera ya shule.

Basi nikasimamia. Mimi, darasa la pili. Mjukuu wangu akaja likizo, nikamweka na yule mtaalamu meza moja, nikawaambia, hamtagusa tableti siku tatu, mtabeba viroba. Wakabeba. Kijana kiatu chake kiliacha kung'aa siku ya kwanza. Walipomaliza kubeba walijua mambo ambayo ile karatasi ya mishale haikuyajua: kwamba spika haisikiki karasha likiwaka, kwamba wapakiaji mikono yao ina tope na tableti haiwatambui, kwamba mteja simu yake anamwachia mke nyumbani. Kisha wakajenga upya. Safari hii kwenye kioo kuna picha ya sikio, unagusa mkato, na picha ya mwenye mawe amesimama na viroba vyake. Majina yamo, lakini yako chini, madogo. Mtandao ukipotea inaendelea kuandika, ukirudi inatuma. Tukawasha karasha moja tu mwezi mzima, kisu na tableti pamoja, ndipo la pili, ndipo la tatu. Na kwenye ile orodha ya mume, mke, mtoto, mjukuu aliongeza mkamwana. Mama yake alikuja kuangalia mwenyewe, akaligusa neno lile kwa kidole chenye grisi, likaacha doa kwenye kioo.

Lakini sasa nikwambie kilichonipata. Mfumo ulipokaa sawa, siku moja tukaitana kikao, mjukuu akafungua kioo kuonyesha nani anaruka foleni. Si ndiyo ilikuwa shida tangu mwanzo? Wote tukainama kutazama. Walioruka foleni walikuwa wengi, na kila mmoja aliyeruka aliruka kwa ruhusa ya mtu mmoja. Ya nani? Yangu.

"Bibi," mjukuu akasema taratibu, "huyu mjane, huyu mwenye mimba, huyu mwenye mtoto hospitali, huyu sijui nani."

"Huyo mguu wake ulivunjika."

"Wote umewapitisha wewe."

Mwenye malori alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikuona aibu na sioni leo. Nikawaambia, mashine yenu imesema ukweli, nami nasema ukweli: mjane hawezi kulala siku tatu kwenye viroba na ana watoto wanalia. Sitaacha. Wakanijua. Wakabishana mpaka chai ikaisha, mwisho wakaweka humo ndani nafasi mbili kila siku, zangu, na kila anayepewa anaonekana kwenye kioo cha getini na sababu yake, kila mtu aone. Na unajua kitu? Malalamiko yaliisha. Watu hawakuwa wanakataa mjane apite. Walikuwa hawapendi kutojua.

Mkamwana wangu hata baada ya hayo yote aliniambia, "Umeshinda. Sijafurahi." Akaomba kikao mwenyewe, akasimama mbele ya wabia na ovaroli lake, akasema nyumba yetu isitegemee mdomo wa mtu mmoja, mjukuu apewe mkono wake katika kura, kwa kuwa anaujua mfumo na uwanja ni wake kesho. Wabia wakakubali haraka, nilivyoona haraka kuliko ilivyopendeza.

Tulikuwa tunarudi nyumbani siku hiyo, mimi na mjukuu, goti langu linalia, yeye amenishika mkono.

"Bibi, niahidi hutaweka tena uwanja mezani."

"Siahidi kitu. Nilikuwa sawa au sikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa. Niahidi."

"Nikiwa sawa tena nitauweka tena."

Akasimama barabarani, akaniachia mkono, akanitazama usoni kwa macho ya mama yake. Akasema basi yeye ndiye ataahidi: siku nikiuweka tena, hata nikiwa sawa, hata watu wote wakiwa upande wangu, mkono wa kwanza kunyooshwa kunipinga mbele ya kikao kizima utakuwa wake.